Ufundi Si Mchezo wa Kubahatisha

Leo hakuna video. Leo ni hadithi ya kusoma, na ni ndefu kidogo, kwa hivyo kama uko kwa matatu na jam imeshika, hapa ndipo pako.

Wale wananijua wanajua mimi hushinda kwa kibanda cha fundi wa elektroniki hapa Soweto West, Kibera, si mbali na Olympic. Kibanda chenyewe ni mabati, meza moja ya mbao, mita mbili za kupimia stima (moja hudanganya ikipata joto), na rundo la vitu ambavyo wenyewe walisema watarudi kuvichukua. Woofer, redio, dekoda, TV, chaja. Nilianza kwenda hapo baada ya Form Four kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nikabaki.

Majuzi msee wangu wa base aliniuliza, "Kwani si mtu atupe tu hiyo TV anunue ingine?" Hakuuliza kwa ubaya. Lakini swali lake halijatoka kwa kichwa, kwa sababu jibu langu la kweli linaanzia Chicago, linapitia New York, halafu linaishia kwa meza yetu. Acha nianze na aibu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita jamaa alituletea mzoga wa mashine ya kamari. Unazijua. Zile sanduku za rangi zenye taa za kuzunguka, watu huziita bonanza, unatumbukiza mbao ukiomba Mungu na inameza. Mwaka 2018, wakati Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, serikali ilizisaka mitaani, na tukaziona kwenye habari zikichomwa moto hadharani. Wenye mashine wengine walizificha. Hii yetu ilikuwa imekaa chini ya kitanda mpaka panya wakala nyaya, na mwenyewe alitaka tu kuiuza kama skrapu. Fundi akainunua kwa sababu ndani kulikuwa na pawa saplai nzuri, swichi na taa.

Mimi nilitaka bodi. Nilitaka kuiwasha tu, nipige video, niandike "nimefufua maiti". Nikaigeuza mbele na nyuma. Chipu kubwa ya katikati ilikuwa imekwaruzwa jina, yaani kiwanda kilichukua kifaa cha kusaga kikafuta maandishi ili mtu asijue ni chipu gani. Kwenye soketi ya nyaya kulikuwa na pini kibao, na hakuna hata moja iliyoandikwa kazi yake. Nikaona waya wa njano. Kwenye pawa saplai ya kompyuta, njano ni volti 12. Nikapeleka volti 12.

Kwa hiyo bodi, njano ilikuwa njia ya volti 5.

Haikutoa hata moshi mwingi. Ilitoa tu ile harufu, na wale wanaijua wanaijua. Fundi hakunipigia kelele. Aliinua bodi, akainusa, akaiweka chini polepole, akasema, "Kijana, wewe hujatengeneza. Umebahatisha."

Hilo neno lilinichoma kuliko kelele. Fikiria: kwa Kiswahili kamari tunaiita mchezo wa kubahatisha. Na mtu akikisia jibu la mtihani, tunasema amebahatisha. Neno ni lile lile. Nilikuwa nimecheza kamari juu ya mashine ya kamari, na nyumba ikashinda kama kawaida.

Usiku huo nikaingia kwa simu kutafuta mchoro wa saketi ya bodi kama ile. Sikupata. Lakini nikitafuta mambo ya mashine za sarafu nikaangukia mashine nyingine kabisa, nzee kuliko mzazi wangu, na hiyo mchoro wake upo wote, kila waya, kila resista. Hiyo mashine ni pinball.

Kama uliwahi kukaa kwa cyber yenye kompyuta za Windows XP, pinball unaijua. Ile gemu ya mpira wa chuma na mikono miwili ya kuupiga usianguke, iliitwa Space Cadet. Hiyo ilikuwa picha tu. Pinball yenyewe ni meza ya mbao yenye kioo juu, miguu minne, mpira wa chuma wa ukweli, na chini yake ni waya juu ya waya.

Sasa historia yake. Mwaka 1931 jamaa wa Chicago anaitwa David Gottlieb alitoa mashine inaitwa Baffle Ball. Haikuwa na ile mikono ya kupiga. Unavuta springi, unaachilia, mpira unateremka ukigongana na misumari mpaka uingie kwa shimo fulani. Kazi yako ni kuangalia. Ilikuwa bei rahisi kucheza, watu walikuwa wamefilisika kwa ule mdororo wa uchumi, na ikauza vibaya sana. Muda si mrefu Raymond Moloney akatoa yake, Ballyhoo, na kutoka kwa hilo jina kampuni yake ikaja kuitwa Bally. Kumbuka hilo jina, litarudi.

Wakubwa wa miji wakaangalia na kusema hii ni kamari. Na kusema ukweli, hawakuwa wamekosea sana. Mpira ukishaachiliwa huna usemi, na sehemu nyingi mwenye duka alikuwa anakulipa ukipata pointi. Mwaka 1942 New York ikapiga pinball marufuku. Meya Fiorello La Guardia akapigwa picha akivunja mashine kwa nyundo. Polisi walizikusanya kwa maelfu. Ukiona zile picha, badilisha kofia na suti, weka Land Cruiser ya polisi nyuma, na ni habari zetu za 2018.

Kitu moja kilibadilika baadaye. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ilitoa mashine inaitwa Humpty Dumpty, ya kwanza kuwa na ile mikono inayosukumwa na stima kwa kubonyeza kitufe. Sasa mchezaji ana usemi. Mpira ukija anaweza kuupiga, kuutuliza, kuupeleka anakotaka. Lakini sheria ya New York ilibaki pale pale, karibu miaka 30 zaidi.

Ikafika 1976. Baraza la jiji linasikiza kesi ya kuondoa marufuku. Swali ni moja: hii ni bahati ama ni ujuzi? Jamaa mwandishi anaitwa Roger Sharpe akaletwa na mashine ikawekwa mbele ya madiwani. Akacheza. Halafu akafanya kitu ambacho mtu wa kamari hawezi kufanya: alitangaza kabla. Akasema nikivuta springi hivi, mpira utapita njia ya katikati. Akavuta. Ukapita katikati. Marufuku ikaondolewa. Sharpe mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba siku hiyo bahati pia ilimsaidia, lakini hoja ilikuwa imeeleweka.

Hapo ndipo niliweka simu chini nikawaza. Tofauti ya ujuzi na kamari ni kutangaza kabla. Mashine ya bonanza huwezi kuitangazia kitu, imetengenezwa hivyo makusudi, na ndiyo maana mimi sina machozi kwa zile zilizochomwa. Nimeona mbao ngapi za unga zikiingia humo. Lakini fundi je? Fundi mzuri anafaa kuwa kama Sharpe. Anashika mita, anasema, "Hapa nitapata volti 12, na nisipopata, shida ni ile pale." Halafu anapima. Mimi kwa ile bodi nilitangaza nini? Sikuwa na cha kutangaza.

Sasa turudi kwa Bally, kwa sababu mwaka baada ya Sharpe, pinball ilibadilika tumbo.

Kabla ya hapo, pinball nyingi hazikuwa na bodi ya kompyuta. Hesabu yote ilifanywa na rilei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya stima, na magurudumu ya kuhesabu pointi. Fundi alikuwa anashika kipande laini cha msasa anasafisha midomo ya swichi, kazi imeisha. Kuanzia 1977 kampuni kubwa za Chicago, Bally, Williams na Gottlieb, zilianza kuhamia kwa bodi zenye mikroprosesa. Bodi ya Bally ilitumia chipu ya Motorola 6800. Fikiria mafundi wa wakati huo, watu waliozoea msasa, ghafla wanafungua mashine na kukuta chipu nyeusi zimenyamaza. Wengi waliogopa. Ni kama fundi wa redio akiletewa simu ya kisasa.

Lakini angalia Bally walifanya nini. Kwa hiyo bodi waliweka taa ndogo ya LED. Ukiwasha mashine, taa inameta kidogo, halafu bodi inaanza kujipima yenyewe. Ikipita mtihani mmoja, taa inawaka mara moja. Mara ya kwanza: chipu za ROM zenye programu ziko sawa. Mara ya pili: chipu ya kwanza ya kumbukumbu iko sawa. Mara ya tatu: kumbukumbu ya pili, ile inayoshikiliwa na betri, iko sawa. Ya nne na ya tano: zile chipu mbili zinazoongea na dunia ya nje, yaani swichi, taa na skrini za pointi, ziko sawa. Ya sita: saa ya kuendesha zile skrini inapiga. Ya saba: stima inayoendesha mikono na sumaku imefika. Mara saba, mashine iko tayari.

Sasa taa ikiwaka mara tano halafu inyamaze, huna haja ya kuuliza mganga. Unafungua kitabu kilichokuja na mashine, unatafuta mtihani wa sita, unaenda moja kwa moja kwa ile saa. Ikiwaka ibaki imewaka tu bila kumeta, unajua prosesa haijaamka vizuri, ama programu haisomeki. Mashine ya 1977 inakuambia yenyewe inaumwa wapi. Bodi yangu ya bonanza ilikuwa imefutwa jina.

Nilikuwa nadhani hao watu wa Chicago walikuwa na roho nzuri. Hapana, ilikuwa pesa. Pinball haikununuliwa na mchezaji. Ilinunuliwa na mtu wa biashara ambaye anaiweka kwa baa ama duka, halafu wanagawana sarafu na mwenye baa. Mashine ikizima Ijumaa jioni, hakuna sarafu mpaka itengenezwe. Kwa hivyo yule mnunuzi hangekubali mashine ambayo fundi wake hawezi kuifungua. Kampuni ilijua: usipompa fundi mchoro, hutauza ya pili. Mchoro ulikuwa sehemu ya bidhaa, kama miguu.

TV yako ni kinyume. Kiwanda kimeshapata pesa siku uliyonunua. Ikizima, kinapata tena ukinunua nyingine. Sasa niambie, kwa nini wakupe mchoro? Redio nyingi za zamani, zile za mbao za babu, zilikuwa zimebandikwa karatasi ya mchoro ndani ya kifuniko. Hiyo karatasi haikupotea kwa bahati mbaya.

Kuna mambo mawili mafundi wa pinball walijifunza ambayo yamenisaidia hapa hapa mtaani, na nataka uondoke nayo.

La kwanza ni betri. Ile kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ilikuwa inaweka rekodi ya pointi za juu na hesabu ya sarafu. Betri yenyewe ilichomwa juu ya bodi, ya kuchajiwa, volti 3.6. Ikizeeka inavuja. Maji yake ni aina ya magadi makali, yanatambaa juu ya bodi, yanakula shaba ya njia za stima, yanaingia chini ya soketi za chipu mahali hauoni. Bodi nyingi za pinball hazikuuawa na kucheza, ziliuawa zikiwa zimezimwa na zimewekwa stoo, na betri ikizilia polepole. Dawa yake: toa betri kabisa, paka siki pale palipoliwa ili iue yale magadi, osha vizuri, kausha, kwaruza mpaka uone shaba safi, badilisha vilivyolika, halafu betri mpya uiweke mbali na bodi kwa nyaya. Nilipofungua rundo letu la vitu vilivyosahaulika na haya akilini, nilikuta redio mbili na tochi ya kuchaji zimekufa kifo hicho hicho. Siki ya chupa ndogo kutoka dukani. Redio moja ilirudi. Kwa hivyo kitu chako kama hukitumii, toa betri. Hiyo ni bure.

La pili ni hili: usibadilishe kilichokufa kabla hujamjua aliyekiua. Kwa pinball, kila kengele inavutwa na koili, na koili inaamrishwa na transista kwenye bodi. Koili ikizimwa inarudisha teke la stima, na kuna dayodi ndogo imewekwa hapo kupokea hilo teke. Dayodi ikikatika, teke lote linaingia kwa transista, inakufa. Na transista ya aina hiyo mara nyingi ikifa inakufa ikiwa imefunga, kwa hivyo ukiwasha mashine koili inabaki imevuta, inapata moto, inaungua. Fundi wa haraka anabadilisha transista peke yake. Dakika mbili baadaye, nyingine imekufa. Fundi mwenye mchoro anapima koili na dayodi kwanza.

Hapa Soweto West muuaji wetu mkubwa ni stima yenyewe. Jioni watu wote wamewasha koili za kupikia na mwanga unakuwa mwekundu kama mshumaa. Mtu mmoja akigusa waya huko kwa sambaza, stima inapotea, halafu inarudi kwa kishindo. Asubuhi tunapata foleni: fyuzi zimekatika, kapasita zimefura vichwa, na yule mlinzi mdogo wa kupokea kishindo, varista, amepasuka kama njugu. Mtu anaweza kubadilisha fyuzi peke yake akachukua soo mbili za mteja. TV itarudi wiki ijayo. Na ikirudi, mteja hasemi stima ni mbaya. Anasema fundi ni mwizi.

Hapa ndipo kuna uchungu. Kuna mama anauza omena huku kwetu. Mara ya kwanza alileta TV yake inawasha taa nyekundu lakini haileti picha. Tulitafuta mchoro wa hiyo bodi, hakuna. Tukabahatisha. Tukabadilisha hiki, tukabadilisha kile, siku tatu, pesa yake ikaenda Luthuli Avenue kununua vipuri, TV ikabaki imenyamaza. Alipokuja kuichukua alisimama mbele ya watu akasema, "Fundi, mlitoa kitu ndani ya TV yangu mkaweka mbovu." Mzee wangu wa kazi, mtu ambaye nimemwona akirudisha shilingi kumi ya mtoto, alitazama chini. Hakujibu. Angejibu nini? Hakuwa ametoa kitu, lakini pia hakuwa na njia ya kumwonyesha alichofanya. Mtu anayebahatisha na mtu anayeiba, ukiwa upande ule mwingine wa meza, wanafanana.

Historia ya watu kama yeye huandikwa kwa ujumla tu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyofanya dunia ianze kuongea juu ya sekta isiyo rasmi. Sisi tuna jina letu, jua kali. Tangu hapo kila serikali imesifu jua kali. Siku hizi unaweza hata kwenda NITA ufanyiwe mtihani wa ufundi upewe cheti, na ni vizuri, nami napanga kwenda. Lakini cheti kinasema unajua kusoma mchoro. Hakikupi mchoro. Tunasifiwa kwa bidii halafu tunaachwa gizani, na tukianguka gizani tunaambiwa hatuna ujuzi.

Kwa hivyo tulifanya nini? Baada ya ile bodi niliyoua, fundi aliniambia nikanunue daftari la kurasa 200. Sheria yake ni hii: bodi yoyote nzima ikipita kwa meza, hata kama imeletwa kubadilishwa waya tu, unaipiga picha, unaipima kabla ya kuirudisha, unaandika. Jina la bodi, nambari iliyochapwa kwenye ukingo, hapa volti 12, hapa 5, hapa 3.3, hapa 1.2. Inachukua dakika kumi. Mwanzoni niliona ni adhabu. Baadaye nikaelewa kwamba tunachora mchoro ambao kiwanda kilikataa kutupa, kipande kwa kipande.

Mwaka jana yule mama wa omena akarudi. Sijui kama alitusamehe ama hakuwa na pengine pa kwenda. TV ilikuwa ile ile, bado imekufa, alikuwa ameitumia kuwekea vitambaa juu. Nikaangalia nambari ya bodi. Ilikuwa kwenye daftari, ukurasa wa 61, tuliipima kutoka kwa TV ya mtu mwingine. Fundi akamwita mama akae karibu. Akamwambia, "Mama, hapa panafaa kuwa 3.3. Tukipata chini ya hapo, shida ni hiki kidude cha miguu mitatu. Tukipata sawa, nitakwambia sijui, na sitachukua pesa yako." Akapima. 1.9.

Kile kidude ni regulata, bei yake haifiki nauli ya kwenda na kurudi tao. Picha ilirudi. Lakini mimi nakumbuka zaidi ile dakika kabla ya kupima, mama akiwa ameinama anaangalia mita pamoja na sisi. Fundi alikuwa ametangaza kabla. Kama angekosea, mama angeona amekosea wapi.

Sasa, jibu la msee wangu. Ndiyo, kuna vitu vya kutupa. Ile bodi ya bonanza tuliitupa. Lakini ukisema "tupa ununue ingine", jua wewe si wa kwanza kuambiwa hivyo, na jua ni nani anafaidika ukikubali. Kampuni ya Williams, moja ya zile kubwa za Chicago, ilifunga kiwanda chake cha pinball mwaka 1999. Mashine zake bado zinacheza leo. Kampuni iliondoka, mchoro ulibaki, na penye mchoro fundi hakosekani. Hiyo TV yako kiwanda chake bado kipo, kina nguvu, kina matangazo kila mahali, na mashine yake inakufa baada ya miaka minne kwa sababu ya kidude cha miguu mitatu.

Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, na ndani yake kuna wazo kwamba anayeleta bidhaa sokoni awajibike mpaka inapokuwa taka. Ulaya mwaka 2024 ilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza. Mimi si wakili. Lakini kama tunaweza kumwambia mwenye kiwanda awajibike kwa taka yake, tunaweza pia kumwambia alete mchoro pamoja na TV, kama Bally walivyofanya 1977. Mpaka hapo, wewe kama unashika mita mahali popote, Kawangware, Mathare, Kisumu, Mombasa, anza daftari. Piga picha bodi ikiwa nzima. Andika volti. Mpe mwenzako. Usiwe mchoyo, kwa sababu fundi akibahatisha Kawangware, jina linaharibika mpaka Kibera.

Daftari letu sasa liko ukurasa wa 140 na kitu. Ukilifungua, ukurasa wa kwanza hauna TV wala redio. Fundi alinilazimisha niandike mwenyewe kwa mkono wangu, na maandishi yanaonekana yaliandikwa na mtu amekasirika. Yanasema: Bodi ya mashine ya kamari, chipu imefutwa jina. Njano ni 5. Si 12.